MAISHA YA LUIGI BROGLIO: MHANDISI ALIYERUSHA SATELAITI KUTOKA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI



  

Wapo vijana wetu ambao redio ikiharibika nyumbani huifungua ili waone kilichomo ndani. Akipita fundi wa injini za mashua pale bandarini Nansio, watasimama kumtazama mpaka adhana ya Magharibi iwakumbushe kwamba muda umekwisha. Vijana hao wakisikia habari za vyombo vinavyokwenda angani huuliza maswali mazuri. Chombo kile huundwaje? Vipande vyake huunganishwa na nani? Mbona hakisambaratiki kwa moto mkali kiasi kile? Na je, kazi hiyo ni ya watu wa mbali tu, au hata sisi tunaweza kuifikia?

Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo kwa kueleza maisha ya mtu mmoja, Profesa Luigi Broglio wa Italia. Huenda msomaji akashangaa jarida la madrasa kueleza habari za mtu ambaye alikuwa Mkristo. Sababu ni mbili. Kwanza, elimu yenye manufaa huchukuliwa popote ilipo, na wanazuoni wetu wa zamani walisoma vitabu vya Wayunani na Wahindi bila kuacha dini yao. Pili, kazi kubwa ya mtu huyu ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, katika bahari ya Waswahili, na wengi wetu hatuna habari nayo.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, karibu na Venice, kaskazini mwa Italia. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma kiitwacho Sapienza. Baadaye akashughulika na uundaji wa ndege, na akaingia katika Jeshi la Anga la Italia akiwa mhandisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi mbili pamoja. Jeshini alipanda vyeo mpaka akawa jenerali, na chuoni alikuwa mwalimu.

Katika miaka ya 1950 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege hapo Sapienza. Aliipokea kutoka kwa Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa Wataliano wa mwanzo kushughulika na roketi. Wakati huo Italia ilikuwa imetoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa imeshindwa na kubomoka, na fedha za mambo ya anga zilikuwa haba.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na Marekani ikafuata mwanzoni mwa mwaka 1958. Mataifa hayo mawili yalikuwa na viwanda vikubwa na mali nyingi. Broglio alikuwa na wanafunzi wake, karakana ya chuo na uwanja wa majaribio huko Sardinia, kisiwa cha Italia. Mwaka 1961 yeye na wenzake walirusha kutoka kisiwa hicho roketi ndogo zilizotoa mawingu ya sodiamu juu sana angani. Kwa kutazama mawingu hayo yalivyosogea, waliweza kujua upepo wa huko juu unavyovuma. Haya yalikuwa mazoezi yao ya kwanza.

MIZANI NDANI YA MPIRA

Broglio alijiuliza swali ambalo halikuwa na jibu la hakika wakati ule. Hewa ya dunia inaishia wapi, na huko juu kabisa ni nyepesi kiasi gani? Swali hili lina faida kubwa. Satelaiti inayozunguka chini chini, kilomita mia mbili hivi kutoka ardhini, hupita katika hewa nyembamba mno. Hewa hiyo huipunguzia mwendo kidogo kidogo kila siku, mpaka mwisho huanguka na kuteketea. Asiyejua uzito wa hewa ile hawezi kukadiria siku ya kuanguka kwake.

Kifaa alichokibuni kupimia jambo hili kinaitwa mizani ya Broglio. Satelaiti yenyewe ilikuwa mpira wenye upana wa sentimeta 66. Ilikuwa na sehemu mbili: ganda jepesi la nje, na kiini kizito cha ndani. Sehemu hizo hazikufungwa pamoja kwa bolti za kukaza. Ziliunganishwa kwa mikono yenye mnyumbuko, kama springi laini. Satelaiti ikienda mbio angani, hewa hugonga ganda la nje peke yake na kulisukuma nyuma kidogo. Kiini, ambacho hakiguswi na hewa, huendelea na mwendo wake. Tofauti baina ya ganda na kiini ni ndogo sana, lakini ikipimwa inaonyesha ni hewa kiasi gani iliyopo.

Tafakari ustadi wa kuunganisha kitu kama hicho. Mikono ile ikiwa migumu mno, hewa haitaweza kuisogeza na mizani haitasema lolote. Ikiwa laini mno, mtikisiko wa roketi utaivunja kabla ya kufika juu. Kila kiungo kilihitaji kipimo chake.

Wanafunzi wanaosoma historia ya elimu katika Uislamu watamkumbuka Al-Khazini wa mji wa Merv, ambaye mwaka 1121 aliandika kitabu kuhusu mizani na kueleza jinsi ya kupima vitu hewani na majini. Karne nane baadaye Broglio alipeleka mizani mahali ambapo hewa inakaribia kwisha.

KWA NINI PWANI YETU?

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana kuhusu mpango ulioitwa San Marco, jina la mtakatifu wa Wakristo anayeenziwa na watu wa Venice. Mapatano yalikuwa hivi: Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha Wataliano namna ya kuirusha. Wataliano nao wataunda satelaiti yao, na watajenga mahali pa kurushia karibu na Ikweta.

Ikweta ina faida gani? Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu aliyesimama kwenye Ikweta anachukuliwa na dunia kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, ingawa mwenyewe hahisi. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini mwendo huo unapungua. Roketi inayorushwa kutoka karibu na Ikweta ikielekezwa mashariki hupata msaada huo bila malipo, mfano wa mtu anayeruka kwenda mbele kutoka katika mashua iliyo mbioni. Vilevile satelaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya Ikweta ni rahisi zaidi kuirusha kutoka hapo hapo.

Jambo la pili ni usalama. Roketi hudondosha vipande vyake njiani, kwa hiyo upande wa mashariki panatakiwa pawe na bahari tupu. Pwani ya Kenya ina sifa zote mbili. Broglio akachagua Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, penye Ghuba ya Ungwana, karibu nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Mwanafunzi akitazama ramani ataona kwamba Nansio, iliyo nyuzi 2 hivi kusini, iko karibu zaidi na Ikweta kuliko Ngomeni. Tulichokosa sisi ni bahari upande wa mashariki.

MAJUKWAA YA BAHARINI

Broglio hakujenga kituo kikubwa nchi kavu. Alipata jukwaa la kuchimbia mafuta baharini kutoka kwa ENI, kampuni ya mafuta ya taifa la Italia. Jukwaa hilo lilipewa jina la Santa Rita, na mwezi Machi 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujitawala, roketi ndogo za majaribio zikarushwa kutoka hapo. Baadaye likaja jukwaa la pili, lililotokana na chombo cha jeshi la Marekani. Lilikarabatiwa Italia, likavutwa baharini mpaka Kenya na kusimamishwa kwa miguu ya chuma iliyokita chini ya bahari. Hili liliitwa San Marco.

Kazi ziligawanywa. Roketi iliunganishwa na kurushwa kutoka San Marco. Watu walioiongoza walikaa Santa Rita, umbali wa nusu kilomita hivi, ili moto usiwafikie. Majukwaa hayo mawili yaliunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kwa njia hiyo, vitu vilivyokusudiwa kazi nyingine viligeuzwa kuwa kituo cha anga.

ROKETI HUUNGANISHWAJE?

Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20, nayo ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana. Kila kipande kilikuwa injini kamili. Cha chini huwaka kwanza, kikimaliza mafuta yake hudondoka, na cha pili huwaka. Hivyo roketi hupunguza mzigo kila inapopanda, na mwisho hubaki kipande cha nne na satelaiti peke yake.

Vipande hivyo vilipewa majina ya nyota: Algol, Castor, Antares na Altair. Mwanafunzi wa Kiarabu atatambua mawili kati ya hayo. Algol limetokana na al-ghul, yaani zimwi, na Altair limetokana na al-nasr al-tair, yaani tai arukaye. Majina haya yaliingia katika lugha za Ulaya kupitia vitabu vya wanajimu wa Kiislamu. Basi kila roketi ya Broglio ilianza safari kwa neno la Kiarabu na kumaliza kwa neno la Kiarabu.

Mafuta yake hayakuwa ya maji maji kama petroli. Yalikuwa magumu, yamejazwa ndani ya injini tangu kiwandani. Faida yake ni kwamba yanahifadhika na hayahitaji matangi na mabomba mengi. Hatari yake ni kwamba yakishawaka hayazimiki. Injini ya mashua ikikorofisha katikati ya ziwa, fundi anaweza kuizima na kuitazama. Roketi ya namna hii haina nafasi hiyo, kwa hiyo makosa yote lazima yatafutwe kabla ya moto kuwashwa.

Vipande viliunganishwa vikiwa vimelazwa ndani ya banda juu ya jukwaa. Kila kiungo kilikaguliwa, kila waya ulijaribiwa, na chumvi ya bahari ambayo hula chuma ilizuiwa isiingie. Kipande cha nne hakikuwa na usukani. Kilizungushwa kwa kasi kama pia ya watoto ili kisiyumbe. Kwa sababu hiyo satelaiti ilipaswa iwe na uzito uliolingana pande zote, kwani upande mmoja ukizidi, chombo kizima huyumba na kupotea njia. Baada ya hayo yote roketi ilisimamishwa wima juu ya uwazi uliokuwa kwenye jukwaa, ili moto wake ushukie baharini.

SATELAITI ZAKE NA UHURU

Satelaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka kituo cha Wallops huko Virginia, Marekani. Waliosimamia urushaji walikuwa Wataliano wenyewe, wanafunzi na wasaidizi wa Broglio. Tarehe 26 Aprili 1967 ikafuata San Marco 2, na hii iliondoka kutoka jukwaani, mbele ya pwani ya Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa satelaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ilipima hewa ya juu kama ilivyokusudiwa, na kabla ya mwaka huo kwisha ilianguka na kuteketea, ikiwa imemaliza kazi yake.

Siku iliyoleta sifa kubwa zaidi ni tarehe 12 Desemba 1970. Wamarekani walikuwa na satelaiti ya kutazama miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miale hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, na hiyo ni rehema ya Allah (S.W.) kwetu, kwa sababu ina madhara kwa mwili. Lakini anayetaka kuitazama ni lazima apeleke chombo juu ya hewa. Satelaiti hiyo ilirushwa na Broglio na wenzake kutoka San Marco. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kutimiza miaka 7 ya kujitawala kwa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale ya eksirei. Kimojawapo kiitwacho Cygnus X-1 kiliwasaidia wataalamu kuamini kwamba yapo mashimo meusi, yaani vitu vyenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani na kuongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa lile, nyingine za Italia, nyingine za Marekani na moja ya Uingereza. Zote 9 zilifika angani salama.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Satelaiti ya mwisho kutoka Ngomeni, San Marco 5, ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka kazi iendelee kwa roketi iliyoboreshwa, yenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini mpango wake haukupewa fedha. Roketi za Scout nazo ziliacha kutumika katika miaka ya 1990. Jukwaa likabaki kimya baharini, ingawa mitambo ya nchi kavu ya kuwasiliana na satelaiti iliendelea kufanya kazi.

Luigi Broglio alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Wanafunzi aliowasomesha walikuwa wameenea katika kazi za anga za Italia na nchi nyingine.

MAZINGATIO

Ndugu wasomaji, katika maisha ya mtu huyu yamo mambo ya kuzingatia.

Kwanza, chombo cha angani hakifanywi kwa uchawi wala kwa akili isiyopatikana kwetu. Hufanywa kwa kupima na kuunganisha, kipande baada ya kipande. Wanafunzi waliofika Surat Saba wanajua habari za Nabii Daud (A.S.), jinsi Allah (S.W.) alivyomlainishia chuma na kumwamuru atengeneze mavazi ya vita na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Fundi wa mashua hapa Ukerewe anayeziba maungio ya mbao kwa pamba anaijua kanuni hiyo pia, kwani ungio moja likiachwa wazi mashua nzima huzama. Mwanafunzi anayefanya hesabu zake kwa haraka ili akacheze na akumbuke jambo hili.

Pili, uchache wa mali si udhuru wa kukaa bure. Jukwaa lilikuwa la wachimba mafuta, roketi ilikuwa ya Wamarekani, bahari ilikuwa ya Kenya. Cha Broglio mwenyewe kilikuwa elimu, mizani yake na wanafunzi wake, na hivyo ndivyo vilivyounganisha mengine yote.

Tatu, nalo ndilo zito zaidi. Satelaiti ya Uhuru ilikuwa na jina la lugha yetu na iliondoka katika bahari yetu, lakini iliundwa Marekani na kurushwa na Wataliano. Wavuvi wa Ngomeni waliona moto ukipanda juu, na watoto wao wakabaki watazamaji. Mahali pazuri Allah (S.W.) ametupa bila sisi kupatafuta. Ujuzi hautolewi hivyo; unatafutwa. Na pasipo na ujuzi, hata neema ya mahali huwafaidisha zaidi wageni.

Alhamdulillah, mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sanduku lenye upana wa sentimeta 10 tu, iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilitengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza, kile kile alichosoma na kufundisha Broglio. Mwaka 2023 ikafuata Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya, ingawa ilirushwa kutoka Marekani.

Wazazi, tunawaomba msimkemee kila mara mtoto anayefungua redio mbovu. Mpeni bisibisi, mwelekezeni shuleni kwenye hesabu na fizikia, na madrasa tumfundishe kuswali kwa wakati na kuwa mwaminifu. Uaminifu ni sehemu ya ufundi. Mkaguzi anayeandika kwamba ungio ni zima na hali hakulitazama ameidhulumu kazi ya wenzake wote.

Nanyi wanafunzi, usiku mkiwa nje baada ya swala ya Isha, tazameni angani. Mkiona nukta ya mwanga inayosogea polepole bila kuwaka na kuzima kama ndege, huenda hiyo ni satelaiti. Kuna watu waliokaa na spana na kipimo wakaunganisha kila kiungo chake. Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie baadhi yenu kuwa miongoni mwa watu hao, na awajaalie elimu yenu iwe na manufaa hapa duniani na kesho akhera. Amin.